Kuuza na kusafirisha mashine ya boti iliyotumika kutoka Mwanza: mwongozo kamili

Mashine ya boti inatoka Kirumba ikishika kwa mvuto mmoja wa kamba, inafika Nansio ina maji kwenye silinda. Nyingine inafika Kemondo pezi la chini limevunjika. Nyingine haifiki popote, inarudishwa stendi kwa sababu inanuka petroli. Na ipo inayofika salama salmini, kisha inalala kituo cha polisi miezi kadhaa kwa kuwa hakuna karatasi hata moja inayoonyesha ni ya nani. Wasomaji wamekuwa wakiniuliza mambo hayohayo kwa muda mrefu sasa, na ukifuatilia unakuta muuzaji alikimbilia kutafuta gari la kubeba kabla hajaishughulikia mashine yenyewe.

Hapa nazungumzia mashine za kufunga nyuma ya mtumbwi, za petroli, HP 9.9 hadi 40, na hasa zile za zamani za kuchanganya oili na petroli, ambazo ndizo nyingi Ziwa Victoria. Za kisasa zisizochanganywa nitazitaja pale ambapo matunzo yake ni tofauti.

Mnunuzi wa mbali hawezi kuishika mashine, kuivuta wala kuisikia. Kazi yako ni kumpa ushahidi wa kila kitu ambacho angekikagua mwenyewe angekuwa mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapoegesha, pamoja nawe.

## Andaa hivi kwanza

- Pipa lililokatwa juu, linaloweza kujaa maji hadi yafunike bamba lililo juu ya propela.
- Spana ya plagi, koleo, bisibisi bapa pana, na spana ya nati ya propela.
- Geji ya kompresheni. Usinunue, azima kwa fundi.
- Oili ya kuchanganyia robo lita, oili ya gia, na washa mpya za skrubu za giaboksi.
- Dumu la kupokelea petroli, faneli na matambara.
- Mbao za 2 kwa 4 na kipande cha 2 kwa 6, skrubu za mbao, kamba ya manila, sponji la godoro kuukuu, nailoni nene na viroba.
- Kalamu ya maki isiyofutika.
- Simu yenye kamera nzuri na nafasi ya kutosha.
- Kitambulisho chako cha NIDA, risiti au mkataba ulionunulia mashine, na nakala zake.
- Mizani. Ile ya kupimia samaki mwaloni inatosha kwa mashine ndogo.

Usianze hatua ya kwanza kabla vitu hivi havijakamilika, hasa karatasi.

## Hatua ya 1: Thibitisha umiliki

Wizi wa mashine ndio unaowaliza wavuvi wa ziwa hili kuliko hasara nyingi nyingine. Watu wanaporwa usiku wakiwa kwenye dagaa au sangara, na tajiri aliyeporwa huitawanya namba ya mashine yake kwenye mialo yote anayoijua. Kwa hiyo mashine ngeni ikishuka mwaloni, watu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wataitazama namba kabla ya kumtazama aliyeileta. Wana haki kabisa kufanya hivyo.

Tafuta namba. Kwenye Yamaha ipo kwenye kibandiko kilichowekwa kwenye kibano kinachoshika ubao wa mtumbwi, upande wa kushoto ukiangalia mbele. Hapo utaona jina la modeli, herufi ya urefu wa shafti, na namba yenyewe. Aina nyingi zina namba nyingine iliyogongwa kwenye kichwa cha injini, chini ya kava. Safisha kwa kitambaa chenye sabuni. Usitumie brashi ya chuma wala msasa, maana namba yenye mikwaruzo hutiliwa shaka hata kama ni halali.

Sasa linganisha na risiti, tarakimu moja baada ya nyingine. Kama ulinunua dukani, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ndiyo karatasi yako. Kama ulinunua kwa mvuvi mwenzako, unahitaji mkataba wa mauziano wenye namba ya mashine, uliosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji. Huna? Mrudie aliyekuuzia muandikiane sasa, kabla hujamtafuta mnunuzi. Risiti ikiwa imepotea, toa taarifa ya upotevu polisi na uombe duka nakala.

Sheria haina huruma katika jambo hili: asiye mwenye mali hawezi kumpa mwingine umiliki. Mnunuzi wako anaweza kulipa fedha yote kwa moyo safi, kisha mwenye mashine akatokea na kuichukua, naye akabaki anakudai wewe.

Mashine ya kikundi au ya mkopo ina masharti yake. Ya kikundi inahitaji muhtasari wa kikao wenye saini za wanachama. Ya mkopo inahitaji barua ya mkopeshaji kwamba deni limekwisha au kwamba ameridhia iuzwe. Na kama iliingia nchini kwa msamaha wa kodi, pita TRA kwanza.

Mashine ambayo namba yake imeng'olewa au kufutwa, na huna karatasi ya kuielezea, isiuzwe. Hata kuikata vipuri si njia, kwa sababu ndivyo mashine za watu zinavyopotelea. Nenda nayo polisi na maelezo yako.

Ukimaliza hatua hii unakuwa na bahasha moja: picha ya kibandiko, risiti au mkataba wenye namba ileile, na nakala ya NIDA yako. Kisha mwonyeshe mwenyekiti wa BMU wa mwalo wako, ajue mashine namba fulani inaondoka na inakwenda wapi. Siku akipigiwa simu kutoka upande wa pili, neno lake litakuokoa.

## Hatua ya 2: Pima kabla ya kutaja bei

Bei inayotajwa kabla ya vipimo hugeuka ugomvi mashine ikifika. Pima mambo manne.

Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Washa mashine kwenye pipa ipate moto kidogo, izime, kisha chomoa kamba nyekundu ya kuzimia ili isiweze kushika. Toa plagi zote, funga geji kwenye tundu la silinda ya kwanza, fungua mafuta hadi mwisho, na vuta kamba hadi sindano iache kupanda. Andika. Rudia silinda ya pili. Mimi naangalia zaidi tofauti kati ya silinda kuliko namba yenyewe, kwa sababu geji hazifanani. Silinda mbili zikipishana kwa zaidi ya asilimia 15, kuna ringi au ukuta wa silinda uliochoka, na lazima mnunuzi ajue.

Oili ya gia. Iache mashine isimame wima usiku kucha. Asubuhi legeza skrubu ya chini ya giaboksi kidogo tu. Kama maji yameingia, yatakuwa yametulia chini na ndiyo yatakayotangulia kutoka. Oili iliyochanganyika na maji ina rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni sili, ule mpira unaozuia maji, imekufa. Badilisha sili au punguza bei, na uandike. Oili ikiwa safi, jaza mpya kwa kuisukuma kutoka tundu la chini hadi itokee tundu la juu. Funga skrubu ya juu kwanza ndipo uchomoe chupa na kufunga ya chini, na weka washa mpya.

Urefu wa shafti. Hapa ndipo mauzo mengi ya simu yanapovunjika. Pima kutoka pale kibano kinapokalia ubao wa mtumbwi hadi kwenye bamba lililo juu ya propela. Fupi ni karibu inchi 15, yaani sentimita 38. Ndefu ni karibu inchi 20, sentimita 51. Mwambie mnunuzi apime kimo cha ubao wa nyuma wa mtumbwi wake na akutumie picha ya futi ikiwa imewekwa pale. Mashine fupi kwenye ubao mrefu inafanya propela ile hewa, injini inapiga kelele na mtumbwi hauendi.

Modeli. Soma kibandiko, achana na kava. Kava huhamishwa, na maandishi ya 40 yanaweza kubandikwa juu ya mashine ya 25.

Umri nao una uzito wake kwenye bei, lakini kwa sababu ya vipuri. Yamaha Enduro ya miaka mingi inauzika haraka kwa kuwa fundi wa kisiwani anaijua na vipuri vipo Mwanza mjini. Johnson na Evinrude ni habari nyingine. Kampuni iliyozitengeneza, OMC, ilifilisika Desemba 2000, na waliorithi Evinrude walisimamisha uzalishaji mwaka 2020. Mashine ya namna hiyo inaweza kuwa nzima kabisa, ila anayeinunua anajitwisha kazi ya kusaka vipuri. Mwambie wazi, na bei ilingane na ukweli huo.

## Hatua ya 3: Piga video isiyokatwa

Picha nzuri za kava haziuzi mashine kwa mtu anayejua mashine. Anachotaka kuona ni video moja, ndefu, isiyokatwa, iliyoanza mashine ikiwa baridi.

Ifunge mashine kwenye pipa, maji yafunike bamba la juu ya propela. Usiiwashe bila maji hata kidogo. Impela ya pampu ya maji ni ya mpira, na ikizunguka pakavu inaungua ndani ya muda mfupi mno, mara nyingi kabla hujajua kosa liko wapi.

Mpe simu mtu mwingine aishike, kisha fuata mpangilio huu:

1. Onyesha kibandiko cha namba kwa karibu, kisomeke.
2. Weka kiganja kwenye kichwa cha injini, kuonyesha ni baridi.
3. Pampu mafuta, vuta choki, vuta kamba. Acha kila mvuto uonekane.
4. Ikishashika, onyesha maji yanayotoka kwenye tundu la nyuma. Yawe mkondo unaoendelea, si matone.
5. Iache iungurume taratibu dakika kadhaa. Ingiza gia ya mbele, rudisha huru, ingiza ya nyuma. Pipa liwe zito na limefungwa vizuri, na usiongeze mafuta sana ukiwa kwenye gia.
6. Izime kwa kuchomoa kamba nyekundu, ili ionekane kifaa hicho cha usalama kinafanya kazi.

Tuma video kama faili, si kama video ya kawaida ya WhatsApp, la sivyo itabanwa na namba haitasomeka. Baki nayo kwenye simu yako mpaka biashara iishe.

Fanya kazi hii nje, penye hewa. Moshi wa injini kwenye chumba kilichofungwa unaua.

## Hatua ya 4: Andikianeni, kisha fedha

Mkataba uwe ukurasa mmoja, wenye majina na namba za NIDA za pande zote mbili, modeli na namba ya mashine, vipimo vya hatua ya 2 pamoja na kasoro zote ulizozikuta, bei, nani analipa usafiri, na mzigo unakuwa wa nani ukiwa njiani. Hili la mwisho ndilo watu husahau. Bila kuliandika, pezi likivunjika kati ya Mwanza na Bukoba kila mmoja ataona ni la mwenzake.

Andika pia uwiano wa oili kama kitabu au kibandiko cha mashine kinavyosema. Kwa mashine nyingi za kuchanganya ni lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, maana yake tangi la lita 24 linahitaji karibu nusu lita. Mnunuzi aliyezoea mashine isiyochanganywa anaweza kuweka petroli tupu, na mashine itakufa ndani ya safari moja, kisha lawama zitakufuata wewe.

Kuhusu malipo, napendekeza sehemu ilipwe mashine ikipakiwa, na sehemu iliyobaki ilipwe baada ya kuwashwa upande wa pili mbele ya fundi ambaye mnunuzi amemchagua. Mgawanyo wenyewe mtajua. Wapo wauzaji wanaodai yote mapema, na wapo wanunuzi wanaotaka kulipa yote baada ya kupokea. Vyote viwili vinamwachia mmoja hatari nzima, nami sishauri.

Ujumbe mfupi wa malipo unaweza kutengenezwa na mtu yeyote. Ukiupokea, ingia mwenyewe kwenye menyu ya simu, kwa M-Pesa ni *150*00#, uangalie salio lako. Kwa kiasi kikubwa tumieni benki, na usubiri fedha ionekane kwenye akaunti, si picha ya karatasi ya benki.

Mkataba usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa kila mmoja kwake, nakala zikabadilishwa kwa picha.

## Hatua ya 5: Toa petroli yote

Ukiharakisha hatua nyingine utapata hasara. Ukiharakisha hii unaweza kuua watu.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, unateremka na kutulia chini ya mtumbwi, chini ya sitaha, au kwenye buti la basi, ukisubiri cheche ya swichi au sigara. Ndiyo maana petroli inawekwa kwenye daraja la 3 la bidhaa za hatari duniani kote, na ndiyo maana karani wa vifurushi anayekataa mashine inayonuka anafanya kazi yake sawasawa.

Fuata hivi:

1. Mashine ikiwa kwenye pipa na inaunguruma, chomoa mpira wa mafuta. Iache imalize mafuta yaliyobaki mpaka izime yenyewe.
2. Iache ipoe kabisa. Kisha tafuta skrubu ndogo chini ya kikombe cha kabureta, weka kitambaa na kikopo, ifungue. Utashangaa kiasi kinachotoka hata baada ya mashine kuzima yenyewe. Rudisha skrubu.
3. Fungua kikombe cha chujio la mafuta, mwaga, futa, rudisha.
4. Mpira wa mafuta uning'inize, bonyeza balbu yake mara kadhaa juu ya dumu hadi usitoe kitu.
5. Acha kava wazi kivulini, penye upepo, mbali na jiko na jenereta, usiku na mchana mzima.

Kama mashine yako ni ndogo yenye tangi lake juu, mwaga tangi pia, lifute na uliache bila kifuniko muda huohuo.

Tangi la pembeni ni bora libaki Mwanza. Liuze hapa, na mnunuzi anunue la kwake. Tangi tupu lililofungwa lina mvuke mwingi kuliko lililojaa, na huo mvuke ndio unaolipuka. Kama mnunuzi analing'ang'ania, lioshe kwa maji ya sabuni, likaushwe juani likiwa wazi, na lisafiri likiwa na kifuniko kilicholegezwa.

Petroli iliyotoka usiimwage ziwani wala kwenye mtaro. Mpe fundi aitumie kusafishia vyuma au ichanganye kwenye matumizi yako.

Kipimo cha kufaulu ni pua. Mwite mtu ambaye hakuwepo wakati unafanya kazi, aweke uso karibu na kabureta. Akisema inanuka, rudi namba 2.

## Hatua ya 6: Toa maji, linda silinda

Simamisha mashine wima na uiache maji yote yatoke kupitia giaboksi na propela. Vuta kamba mara chache taratibu, ukiwa umechomoa kamba nyekundu, ili pampu itoe yaliyobaki. Kisha toa plagi, weka kijiko kimoja cha chai cha oili ya kuchanganyia kwenye kila silinda, vuta tena taratibu oili isambae, rudisha plagi. Oili hiyo inazuia kutu kwa wiki kadhaa za njiani, na itatoa moshi mwingi siku ya kuwashwa. Mwambie mnunuzi asishtuke.

Sasa kuna kanuni ambayo wapakiaji lazima waijue kama wanavyojua majina yao: kichwa cha injini kiwe juu ya propela muda wote. Maji hubaki kwenye njia za kupoozea hata baada ya kumwaga. Mashine ikilazwa kichwa chini, maji hayo yanateremka kupitia njia ya moshi hadi kwenye silinda. Anayevuta kamba baadaye anakuta imekaza, analazimisha, na kitu kinapinda.

Mashine isiyochanganywa ina oili yake ndani kama gari, hivyo ina upande mmoja tu unaoruhusiwa kulala. Upande huo umechorwa kwenye kitabu au kwenye kibandiko cha mashine. Ukikosea, oili inaingia kwenye silinda na kabureta. Kama huna uhakika, isafiri wima.

## Hatua ya 7: Jenga kasha

Enduro ya HP 15 ina uzito wa karibu kilo 36 hadi 40, mtu mmoja anaibeba. Ya HP 40 inapita kilo 70, na hiyo ndiyo inayodondoshwa. Kasha linasaidia, lakini linasaidia zaidi likiwa na sehemu ya kushika kwa mikono miwili kila upande.

Toa propela kwanza: nyoosha pini, fungua nati, na uweke propela, pini, nati na washa zake zote kwenye mfuko mmoja. Propela ikibaki, ndiyo inayogongwa, na kipigo kinafika kwenye shafti.

Mwambie seremala atengeneze fremu ya 2 kwa 4, yenye kipande cha 2 kwa 6 kilichosimama kama ubao wa nyuma wa mtumbwi. Funga mashine hapo kwa vibano vyake vyenyewe, kama inavyokaa majini. Pezi la chini lisiguse sakafu ya kasha. Acha upana wa vidole vinne na ujaze sponji. Kunja mkono wa usukani, uufunge. Kava lifunikwe sponji, kisha nailoni juu, ila uache upenyo chini, maana nailoni iliyobanwa pande zote hukusanya jasho na mvuke.

Andika kwa maki pande zote: JUU HUKU na mshale, uzito, jina na namba ya simu ya mpokeaji, na maneno INJINI, HAINA MAFUTA. Namba ya mashine usiiandike nje, ibaki kwenye karatasi.

Tikisa kasha. Kama unasikia kitu kinagonga ndani, hujamaliza.

## Hatua ya 8: Chagua njia

Meli na vivuko. Kwa Nansio na Bukoba kupitia Kemondo, meli ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa sababu kasha linasimama wima na halirushwi. Fika mapema, tangaza mzigo kama ulivyo, uzito wa kweli, na udai risiti yenye maneno "injini ya boti". Wapo wanaoandika "friji" ili kukwepa maswali. Mzigo uliotajwa uongo hauna fidia, na unawaingiza abiria kwenye hatari wasiyoijua. Baada ya MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200, uzito wa mzigo kwenye maji haya ni jambo la kuheshimiwa.

Mtumbwi wa mizigo, kwa visiwa ambavyo meli haifiki. Tazama kwanza utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kama kuna tahadhari ya upepo, mzigo usubiri. Kasha likae chini, katikati, si juu ya magunia. Lifunge kwenye mbao za mtumbwi. Kisha ongeza kitu ambacho watu wachache hufanya: funga kamba nyembamba imara kwenye kibano cha mashine, na mwisho wake ufunge dumu tupu la lita 5 lililozibwa, kamba ikiwa imekunjwa vizuri isije kukwama. Kina cha ziwa hili kwa wastani ni karibu mita 40, kwa hiyo kamba ya mita 50 inatosha sehemu nyingi za kati ya visiwa. Mashine ikianguka, dumu litaonyesha ilipo.

Ikizama na ikaopolewa, isiachwe ikauke. Ioshwe kwa maji safi, plagi zitolewe, ivutwe hadi maji yatoke, iwekwe oili na kufikishwa kwa fundi siku hiyohiyo. Hewa ndiyo inayoleta kutu, na inaanza kazi mara mashine inapotoka majini.

Basi na lori. Ya Musoma hupitia stendi ya Nyamhongolo, ya Geita, Bukoba na Dar es Salaam hupitia Nyegezi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, lori la Sengerema na Geita halisubiri tena kivuko, na mshtuko wa kupanda na kushuka pantoni umepungua. Buti la basi ni fupi, hivyo kasha huishia kulazwa. Kwa HP 40 tafuta lori. Kama inakwenda kwenye maji ya chumvi, Mafia au Tanga, mwambie mnunuzi akague vipande vya zinki vinavyolinda chuma. Zinki iliyokaa miaka kwenye maji baridi hujifunika utando na inaweza isifanye kazi baharini; inabadilishwa.

Kuvuka mpaka. Kwa Kisumu au Uganda, tumia Sirari au Mutukula na wakala wa forodha mwenye leseni. Mashine iliyotengenezwa Japani haigeuki bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kuwa imetumika Mwanza, kwa hiyo mnunuzi aulize kodi kwao kabla hajalipa chochote. Usikubali kuivusha ziwani usiku kwa mtumbwi. Hapo karatasi zako zote safi zinakuwa hazina maana.

Ndege niiache. Masharti ya mizigo ya hatari yanahusu hata mabaki ya petroli, na gharama yake haiendani na bei ya mashine kuukuu.

Kabla chombo hakijaondoka, tuma kwa mpokeaji picha ya kasha likiwa limepakiwa, picha ya risiti ya mzigo, jina la chombo na saa ya kuondoka.

## Hatua ya 9: Mapokezi

Mweleze mnunuzi haya kwa maandishi kabla mzigo haujafika. Kasha lipigwe picha pande zote kabla halijafunguliwa. Likiwa limepasuka au mshale wa JUU umeelekea chini, aandike hivyo kwenye karatasi ya msafirishaji hapohapo, kabla ya kusaini. Madai yanayotolewa kesho yake ni magumu kuthibitisha.

Afungue mbele ya fundi, na kama inawezekana mbele ya kiongozi wa BMU wa mwalo ule. Namba ilinganishwe na mkataba. Mashine isimame wima angalau saa moja. Kisha plagi zitolewe na kamba ivutwe taratibu. Kama imekaza, asilazimishe, akupigie simu. Ikizunguka vizuri, plagi zirudi, propela ifungwe pamoja na pini yake mpya, mafuta yachanganywe, na mashine iwashwe ikiwa ndani ya maji.

Moshi mzito dakika za mwanzo ni ile oili yako. Ukikata, na maji yakatoka mkondo uleule ulioonekana kwenye video, fedha iliyobaki itumwe siku hiyo. Ukishaiona kwenye salio, mtumie mnunuzi karatasi halisi za umiliki, ubaki na nakala, kisha mjulishe mwenyekiti wa BMU wa mwalo wako kwamba mashine namba fulani si yako tena.